Cheti Si Kazi



Mara nyingi katika kurasa hizi sisi walimu huandika juu ya malezi ya watoto walio shuleni. Leo naomba ruhusa niandike juu ya watoto wale wale wakiisha kutoka shuleni, kwa sababu jambo hili limenichoma moyo, na tena mimi mwenyewe nina sehemu yangu ya hatia ndani yake.

Mwaka jana lori liliingia katika uwanja wa shule yetu, limepakia madawati mapya. Watoto walipiga vigelegele, na sisi walimu tulishukuru, kwa kuwa darasa la pili walikuwa wakikaa sakafuni. Nikaitwa nihesabu, nikahesabu. Nikaambiwa nitie sahihi kwamba nimeyapokea yakiwa mazima, nikatia. Nilipoinua kichwa nikaona vijana watatu wamekaa chini ya mwembe ng'ambo ya uwanja, wanatazama. Wote watatu niliwafundisha kusoma. Wote watatu walichukuliwa katika mpango wa Serikali wa kufundisha vijana wasio na kazi, wakafundishwa useremala kwa miezi kadhaa, wakarudi na vyeti.

Mmoja wao akanijia. "Shikamoo, mwalimu." "Marahaba, mwanangu." Akapitisha mkono wake juu ya dawati moja, akaliinamisha, akatazama maungio yake, kisha akasema kwa upole, "Mwalimu, hili hata mimi naweza kulitengeneza."

Sikuwa na la kumjibu. Dawati lile limetoka mjini, mwendo wa siku nzima. Serikali ndiyo iliyolinunua. Na Serikali hiyo hiyo ndiyo iliyomfundisha kijana huyu kutengeneza dawati. Yeye na dawati walikutana siku ile uwanjani, mmoja akiwa bidhaa iliyokwisha kulipiwa, na mwingine akiwa fundi asiyeitwa.

Basi neno langu ni hili, nalo nalisema mapema ili msomaji asihangaike kulitafuta. Mipango ya kufundisha vijana wasio na kazi ni mizuri, lakini itaendelea kutupotezea fedha na kuwavunja moyo watoto wetu maadamu inaishia katika kutoa cheti. Fundi hafanywi na cheti, bali hufanywa na kazi. Kazi haipatikani pasipo mnunuzi. Na mnunuzi mkubwa kuliko wote huku mashambani ni Serikali yenyewe. Mwenye kufundisha kwa mkono wa kuume na kununua kwa mkono wa kushoto, sharti mikono yake miwili ijuane.

Najua nitakayojibiwa kwanza, maana nimeyasikia barazani na hata mlangoni pa kanisa: "Vijana wa siku hizi ni wavivu." Neno hili ni jepesi kusema, kwa sababu humwondolea msemaji kazi ya kufikiri. Wako wavivu, sikatai. Walikuwako hata zamani za babu zetu. Lakini kijana aliyeacha nyumba yake, akakaa miezi kadhaa akijifunza randa na msumeno, akarudi na kwenda mlango kwa mlango akiuliza kama kuna kiti cha kutengenezwa, huyo uvivu wake uko wapi? Wengine hutaja maneno ya Mtume Paulo kwa Wathesalonike. Walakini Paulo aliwakemea wanaokataa kazi; hakuwakemea wanaoitafuta wasiione. Na katika mfano wa shamba la mizabibu, mwenye shamba alipowakuta watu wamesimama sokoni hata saa kumi na moja, aliwauliza sababu, nao wakamweleza ya kuwa hapana aliyewaajiri. Hakuwahubiria juu ya uvivu. Aliwapeleka shambani.

Tena desturi hii ya kumlaumu asiye na kazi si mpya, nayo haikuleta faida. Zamani za utawala wa Waingereza, kijana asiye na kazi katika mji wa Dar es Salaam aliitwa mhuni, akakamatwa na kurudishwa kwao. Mwaka 1983, tukiwa tumekwisha kujitawala, Bunge likatunga sheria ya nguvu kazi. Watu wasioweza kuonyesha kazi yao wakakusanywa mijini na kupelekwa mashambani wakalime. Haukupita muda mrefu wengi wao wakarudi walikotolewa. Mtu hahamishwi kutoka katika shida kwa gari. Akipelekwa mahali pasipo jembe, mbegu wala mnunuzi wa mazao yake, atarudi kwa miguu yake mwenyewe.

Lakini haki ni haki. Nisije nikaonekana kama mtu asemaye kwamba Serikali imekaa bure. Mwaka 1963 liliundwa Jeshi la Kujenga Taifa, na vijana wengi walijifunza humo kilimo, ujenzi na nidhamu. Mwaka 1975 vilianza Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, baada ya Mwalimu Nyerere kupendezwa na vyuo vya namna hiyo katika nchi ya Sweden. Leo viko zaidi ya 50, na katika vyuo hivyo mtu mzima aweza kujifunza uashi, ushonaji au ufugaji. Mwaka 1994 ilitungwa sheria iliyoanzisha mamlaka ya mafunzo ya ufundi, ndiyo VETA tuijuayo sote. Waajiri hutozwa kodi maalumu kwa ajili ya kukuza ujuzi, ambayo mwaka 2023 ilipunguzwa ikawa asilimia 3.5 ya mishahara wanayolipa. Kuanzia mwaka wa fedha 2016/17 ikaja programu ya taifa ya kukuza ujuzi, yenye mafunzo ya uanagenzi, na yenye kuwapima na kuwapa vyeti mafundi waliojifunzia mitaani. Mwaka 2018 iliwekwa katika sheria kwamba kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kuwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, na 2 kwa watu wenye ulemavu. Na mwaka 2023 vijana walianza kufundishwa kilimo katika mpango uitwao Jenga Kesho Iliyo Bora, na mashamba ya pamoja yakafunguliwa mkoani Dodoma.

Hayo yote si kidogo. Iko mataifa yenye mali kuliko sisi ambayo hayakufanya nusu yake. Kwa nini basi wale vijana watatu wamekaa chini ya mwembe?

Mimi ni mwalimu, na nitajibu kwa mfano wa kazi yangu. Tuseme iko shule ambayo kila mwaka hutangaza, "Tumeandikisha watoto 300," wala haisemi wangapi kati yao wamejua kusoma. Mkaguzi akija huonyeshwa kitabu cha majina, naye huridhika na kwenda zake. Je, wazazi, mngeisifu shule hiyo? La, hasha! Mngeniondoa mimi mwalimu kabla ya jua kuchwa. Lakini mipango hii aghalabu huhesabiwa vivyo hivyo. Siku ya kufunga mafunzo kuna hotuba, kuna picha, husomwa idadi ya vijana waliofuzu. Siku ya mwaka mmoja baadaye haina hotuba, wala hapana aendaye kijijini kuuliza: wangapi kati ya hawa wanashika randa leo? Kitu kisichohesabiwa hakitengenezwi. Mwenye mpango akipewa sifa kwa idadi ya vyeti, atatoa vyeti vingi. Nami simlaumu sana, kwa sababu ndivyo alivyoagizwa.

Tutazame sasa kijana anarudi nyumbani na nini. Ana cheti. Hana randa, hana msumeno wake, hana patasi wala keekee. Vifaa alivyojifunzia vimebaki chuoni vikingoja kundi jingine. Ujuzi wake ni wa miezi michache, na kila mtu wa ufundi ajua kwamba miezi michache ni mlango tu. Ufundi wenyewe huja baada ya kuharibu mbao nyingi mbele ya macho ya mtu anayejua. Zamani mwanagenzi alikaa na fundi wake miaka, akachota maji, akashika ubao, akakemewa, akajaribu tena. Na siku aliyoachiliwa alikuwa amekwisha kujulikana na wanunuzi wa fundi wake. Alirithi ujuzi, akarithi na soko. Kijana wetu wa leo hurithi karatasi.

Huambiwa, "Kachukue mkopo." Mkopo ni kitu chema kwa mtu mwenye kazi aliyepungukiwa na mtaji. Kwa mtu asiye na mnunuzi, mkopo ni kamba. Vijana huungana kikundi, hupewa fedha, hununua vifaa na mbao, hutengeneza viti, na viti hukaa mbele ya karakana vikipigwa na jua. Wanakijiji hawana fedha ya kununua viti 20. Marejesho yanadaiwa, vifaa vinauzwa, kikundi kinavunjika, na marafiki wanakuwa maadui. Mwezi wa Aprili mwaka 2023 Serikali yenyewe iliisimamisha mikopo hiyo ya halmashauri kwa sababu ya kasoro zilizoonekana katika kuitoa na kuirudisha, kisha ikairejesha mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Utaratibu waweza kutengenezwa ukawa safi kabisa. Lakini kama hapana anayenunua viti, fedha itapotea kwa usafi.

Tujifunze kwa wenzetu. Jirani zetu wa Kenya, ugonjwa wa korona ulipoingia mwaka 2020, walianzisha mpango ulioitwa Kazi Mtaani. Zaidi ya vijana laki mbili waliajiriwa kwa ujira wa siku, wakafagia barabara, wakazibua mitaro, wakasafisha mitaa ya watu maskini. Mpango ule uliwapa chakula wakati wa dhiki, na hilo ni jambo la kusifiwa. Lakini mwaka 2022 ulikoma, na aliyekuwa akishika fagio alibaki na fagio. Alikuwa na kazi pasipo ufundi. Sisi huku twatoa ufundi pasipo kazi. Wao walipata nusu ya mkate, na sisi tumepata nusu ya pili, hapana aliyeshiba.

Je, iko nchi iliyoziunga nusu hizi mbili? Mwaka 1933 huko Marekani, wakati karibu mtu mmoja katika kila wafanyakazi wanne hakuwa na kazi, Rais Franklin Roosevelt alianzisha kambi za vijana zilizoitwa Civilian Conservation Corps. Vijana hawakuanza kwa kukaa darasani. Walipewa kazi ambayo nchi iliihitaji: kupanda miti, kuzuia mmomonyoko wa udongo, kujenga madaraja na njia za misituni, wakiongozwa na watu wenye ujuzi. Kila mmoja alilipwa dola 30 kwa mwezi, na katika hizo zipatazo 25 zilipelekwa nyumbani kwa wazazi wake. Jioni, kazi ikiisha, walisoma. Wengi walioingia hawajui kusoma walitoka wakijua. Hata mpango ulipofungwa mwaka 1942, vijana kama milioni 3 walikuwa wamepita humo, na miti zaidi ya bilioni 2 ilikuwa imepandwa. Mpango ule ulikuwa na aibu yake, maana vijana weusi walitengwa katika kambi zao, na wasichana karibu hawakupewa nafasi; tusiuige katika hayo. Lakini katika jambo moja walikuwa na akili: kazi ilikuwa ya kweli, mlipaji alikuwako, na mafunzo yalifuatana na kazi kama kivuli kinavyomfuata mtu.

Huenda msomaji akasema, "Marekani walikuwa na fedha, sisi hatuna." Ndugu yangu, sikuombi fedha mpya. Naomba tuitazame fedha ambayo imekwisha kutumika.

Mwaka 2016, elimu ilipotangazwa kuwa bila ada, watoto walijaa shuleni na madawati yakapungua mno. Nchi nzima ilihimizwa kutengeneza madawati. Bunge lenyewe lilibana matumizi yake likatoa shilingi bilioni 6, na madawati ya fedha hiyo yakatengenezwa na Jeshi la Kujenga Taifa na Magereza. Sisemi kwamba ilikuwa vibaya. Watoto walipata mahali pa kukaa, nasi tulishukuru. Nasema tu kwamba vijana waliokwisha kufundishwa useremala katika kila wilaya hawatapata upesi shule kubwa ya ufundi kama kazi ile ingalivyokuwa kwao.

Tena mwaka 2021 Serikali ilipata mkopo wa shilingi trilioni 1.3 kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa, na kwa sehemu ya fedha hiyo yakajengwa madarasa 15,000 nchini kote kwa muda wa miezi michache. Kazi nyingi zilipewa mafundi wa mahali badala ya makandarasi wakubwa, na hilo lilikuwa jambo la busara. Fedha ilibaki vijijini. Lakini wazia, msomaji: kama kila fundi aliyepewa darasa moja angalipewa sharti moja tu, yaani achukue vijana wawili wenye vyeti vya uashi, awaonyeshe mwiko na timazi, awalipe ujira mdogo, tungalikuwa na vijana 30,000 waliokwisha kujenga ukuta ulionyooka, na kila mmoja ana jengo la kumwonyesha mtu amtakaye kazi. Cheti gani kipita hicho?

Sheria nayo haiko mbali na haya nisemayo. Kanuni za ununuzi wa umma zimekwisha kuweka kwamba asilimia 30 ya manunuzi itengwe kwa ajili ya makundi maalumu: vijana, wanawake, wazee na watu wenye ulemavu. Ni kanuni njema sana. Lakini mlango wake uko juu. Kikundi sharti kisajiliwe, kiwe na karatasi zake zote, kisha kiombe zabuni katika mfumo wa mtandao uitwao NeST, ulioanza mwaka 2023. Mfumo huo una faida yake, maana hupunguza upendeleo wa siri. Lakini vijana watatu wa chini ya mwembe hawana kompyuta, na simu yao moja hutiwa chaji dukani. Kumwekea mtu chakula juu ya dari pasipo ngazi si kumlisha.

Kwa hiyo nataja mambo matatu, wala si makubwa.

La kwanza, kila fedha ya kujenga au kutengeneza samani za shule, zahanati na ofisi za vijiji ije na sharti kwamba sehemu yake ifanywe na vijana waliofundishwa wa wilaya ile, chini ya fundi mzoefu atakayewajibika kwa kazi yao. Na afisa wa halmashauri ashuke yeye awasaidie kuingia katika mfumo wa zabuni, wala asiwangoje ofisini.

La pili, cheti cha mwisho kisitolewe siku ya kutoka darasani, bali baada ya mwaka mmoja wa kazi chini ya fundi. Kijana apewe vifaa vya mkono anapoanza, avilipie kidogo kidogo kwa kazi anayofanya. Akiviuza, cheti hapati.

La tatu, kila mwaka, katika mkutano mkuu wa kijiji, isomwe hesabu mbele ya watu wote kama inavyosomwa hesabu ya fedha: vijana wetu kadhaa walipelekwa mafunzoni, kati yao kadhaa wanafanya kazi hiyo leo, kadhaa hawafanyi, na sababu ni hizi. Hesabu hiyo haitagharimu hata shilingi moja, nayo itawatia adabu wengi.

Hapo atatokea mtu aseme, "Kazi ya vijana itakuwa mbovu, na mali ya umma itaharibika." Hofu hii si ya kudharauliwa. Lakini katika yale madawati yaliyoletwa kwa lori, yako yaliyolegea kabla ya muhula kwisha, na hapana aliyejua pa kuyarudisha, maana aliyeyatengeneza hatumjui. Kazi mbovu ya kijana wa hapa hurudishwa kwake siku ile ile, naye hupita mbele yako kila asubuhi na haya usoni. Mwingine atasema, "Serikali haiwezi kuwaajiri vijana wote." Ni kweli, wala sikusema iwaajiri. Nimesema inunue kwao kile ambacho itanunua hata hivyo.

Lakini, ndugu zangu, nisimalize kwa kunyoosha kidole upande mmoja tu. Na sisi je? Kanisa letu lilipotaka viti vipya, tuliviagiza mjini, viti vya plastiki, na leo nusu vimepasuka miguu. Mzazi akioza binti yake hutaka kabati kutoka mjini, tena hujivunia mbali lilikotoka. Sare za watoto wetu twanunua sokoni mjini zilizokwisha kushonwa, na hapa kijijini yuko binti aliyefundishwa kushona, cherehani yake imefunikwa kitambaa kama maiti. Mtoto akishindwa mtihani twamwambia, "Basi, utakuwa fundi tu," kana kwamba ufundi ni adhabu; kisha twashangaa kwamba anaufanya kama adhabu. Serikali haina mikono yote miwili inayojuana, lakini na sisi macho yetu hayaoni yaliyo karibu.

Nami nilisema mwanzo kwamba nina hatia. Nilitia sahihi yangu bila kuuliza neno. Usiku ule sikulala vema. Hata asubuhi nikaenda kwa mwenyekiti wa kamati ya shule, mzee mwenye busara, nikamwambia, "Mzee wangu, yako madawati mabovu 23 katika ghala yetu, na sisi tunaona haya kuyatupa na tunashindwa kuyatengeneza. Tuwape wale vijana." Akanitazama kitambo, akasema, "Na vifaa?" Nikamwambia, "Tutaazima kwa yule fundi mzee, na tumwombe awasimamie." Kamati ikakubali kutoa fedha ndogo iliyokuwa imetengwa kwa marekebisho.

Vijana walifanya kazi siku 9 chini ya mwembe ule ule. Yule mzee aliwarudishia madawati 4 wayafungue na kuyaunga tena, kwa kuwa maungio hayakukaa sawasawa. Walinuna, wakafungua, wakaunga tena. Leo watoto 60 na zaidi huyakalia, na mpaka naandika haya hakuna lililolegea. Kijana mmoja kwa ujira wake alinunua randa. Wa pili amepokewa na fundi mzee kuwa mwanagenzi wake. Wa tatu alikwenda mjini kutafuta maisha, wala simlaumu. Kazi ya siku 9 haimtoshi mtu mwaka mzima. Huyo ndiye anionyeshaye kwamba juhudi za kijiji kimoja hazitoshi, na kwamba wenye fungu kubwa la kununua hawana budi kufanya sehemu yao.

Basi, wasomaji, lori jingine litakapofika katika kijiji chako, kabla hujapiga vigelegele, uliza: vitu hivi vimetengenezwa na nani, na kwa nini si na watoto wetu? Uliza kwa adabu, lakini uliza mbele ya watu, na swali liandikwe katika kumbukumbu za mkutano. Mimi nimekwisha kuazimia ya kuwa sitatia tena sahihi yangu kabla sijauliza.

Ni mimi ndugu yenu,

Mwalimu wa shule ya kijiji